Sahihi ya Thelathini

Tik. Tik. Tik.

Mfuniko wa birika la kahawa ulikuwa ukicheza jikoni, na nje bado giza. Bi Ardis Tollefson alikuwa ameketi mezani, koti juu ya gauni la kulalia, akiitazama simu ya ukutani kama mtu anayemtazama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Mnakumbuka tulipomwacha. Jioni ya Alhamisi simu ililia, akapokea, na Verlene, karani wa mji wa Nordby, akamwambia maneno machache tu: "Bi Ardis, wadhamini wako si thelathini na nne tena." Kisha theluji ikaangusha nguzo mahali fulani na simu ikafa.

Si thelathini na nne. Basi ni wangapi? Usiku mzima Bi Ardis aliwahesabu watu badala ya kondoo.

Mara mlango wa jikoni ukagongwa.

Alikuwa Verlene mwenyewe. Alikuja kwa miguu, theluji imefika magotini, bahasha ameikumbatia kifuani isilowe. Hakulipwa kwa kazi ya saa ile, wala hakuna aliyemtuma.

"Ingia, mwanangu. Kahawa?"

"Hapana, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"Hapana, kwa kweli, niko sawa."

"Nusu kikombe."

"Haya, kama tayari ipo."

Ndivyo watu wa Dakota, huko kaskazini mwa Marekani, walivyo. Kahawa hukataliwa mara mbili na kupokewa ya tatu. Anayepokea ya kwanza ana njaa au hakulelewa.

Verlene alikunywa, akaweka kikombe chini. "Wamebaki kumi na watano."

Bi Ardis alijimiminia kahawa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo alipika katika shule ya mji. Hakuwahi kutaka cheo. Alijitosa kugombea umeya kwa jambo moja tu, gari la wagonjwa. Meya Wendell Kragness alikuwa ameamua kulitoa Nordby na kulipeleka makao makuu ya wilaya, maili thelathini na nane. Bi Ardis alisimama mkutanoni akasema moyo ukisimama hausubiri maili thelathini na nane, kisha akaketi, uso umemwiva kwa aibu ya kusema mbele za watu.

Lakini ili jina liingie kwenye karatasi ya kura, sheria ya mji ilitaka wadhamini thelathini. Iliandikwa zamani, Nordby ilipokuwa na watu wengi. Sasa wapiga kura daftarini walikuwa sitini na watano, na hakuna aliyeibadilisha sheria, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulalamika.

"Wale kumi na tisa wamekwenda wapi?" akauliza.

"Wamesaini fomu mbili. Yako na ya Meya. Mtu mmoja ana sahihi moja, na ya kwanza ndiyo inayohesabiwa."

"Walisaini wapi?"

"Kwenye chakula cha pankeki kanisani. Meya alikaa karibu na mlango. Kila aliyeingia alianza kwake. Halafu wakafika kwako, wakaona vibaya kukupita."

Bi Ardis akafumba macho. "Kile kiti cha mlangoni kilikuwa changu."

"Kilikuwa chako?"

"Nilimpa mimi. Goti lake linamuuma."

Verlene aliinamia kikombe chake. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na si kwa baridi.

"Cheka tu, mwanangu. Hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mwingine."

"Nisikilize, Bi Ardis. Mwisho ni leo saa kumi na moja jioni. Dakika moja baadaye siwezi kupokea hata karatasi ya malaika. Na jina lisilokuwemo halipigiwi kura." Akafungua bahasha. "Nimekaa nayo usiku. Wapiga kura sitini na watano. Toa thelathini na mmoja wa Meya, toa kumi na watano wako, toa watatu walioko Arizona wakiota jua. Wamebaki kumi na sita ambao hawajasaini popote."

"Nami nahitaji kumi na watano."

"Ndiyo. Unaweza kumpoteza mmoja. Ukiwapoteza wawili, imekwisha." Akanyoosha kidole. "Na huyu wa kwanza ni nani?"

Bi Ardis akavaa miwani. Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe.

"Hukujisainia?"

"Mtu ajidhamini mwenyewe? Watu wangesemaje?"

"Saini, Bi Ardis."

Akasaini, akiona haya kama anayejipakulia mnofu kabla ya wageni.

"Jingine," alisema Verlene mlangoni, akijifunga skafu. "Treni ya nafaka inakuja leo. Ikisimama kwenye makutano ya reli na barabara kupakia, ni dakika arobaini na mji unakatika vipande viwili. Usikwame ng'ambo ya reli."

*

Kufikia saa nne asubuhi Bi Ardis alikuwa amepata watatu tu, na tatizo halikuwa ugumu wa watu. Tatizo lilikuwa kahawa. Kila nyumba, kukataa mara mbili. Kila nyumba, kikombe, keki, habari za magoti na za wajukuu.

Nyumba ya nne alikata shauri. Borghild Aune alifungua mlango, akasema, "Kahawa?"

"Ndiyo," akasema Bi Ardis.

Borghild akashika fremu ya mlango. "Ardis. Unaumwa?"

"Nina haraka."

"Keti. Nimwite daktari?"

"Niletee kalamu, dada yangu. Kahawa nitakunywa nimesimama."

Borghild alisaini, na mgeni alipoondoka, kwa kuwa simu zilikuwa zimerudi, akapiga simu nyumba ya tano kuwaonya kwamba Ardis hayuko sawa. Jambo hilo likawa baraka. Kuanzia hapo watu walimngojea mlangoni, kalamu mkononi, wakimtazama kwa huruma. Mmoja alimfunga skafu yake mwenyewe shingoni. Mwingine alimtilia mfukoni yai la kuchemsha, limefungwa karatasi ili limpashe vidole.

Kufikia saa nane mchana alikuwa na ishirini na wanane. Amebakiza wawili, na kwenye orodha kulikuwa na majina matatu.

La kwanza lilikuwa Mzee Palmer Ostby, miaka tisini na minne, nyumba ya mwisho ng'ambo ya reli, nyuma ya maghala ya nafaka. Huyo Bi Ardis hakumtilia shaka. Si ndiye aliyebebwa na gari la wagonjwa msimu wa baridi uliopita, la sivyo tungekuwa tumeshamzika?

Mzee Palmer alikuwa ameshatandika drafti mezani.

"Nimekusikia ukija," akasema, ingawa hasikii vizuri. "Wewe nyeupe, mimi nyeusi."

"Mzee wangu, leo siwezi. Nimekuja na karatasi."

"Eh?"

"Karatasi. Ya umeya. Nataka sahihi yako."

Mzee aliiangalia karatasi, akaiangalia drafti. "Lile gari lilikuja nilipoliita mimi," akasema. "Wewe umekuja ulipohitaji wewe. Mara ya mwisho uliingia humu lini, Ardis?"

Bi Ardis alitafuta jibu. Alipolipata, alitamani asingelipata. Ilikuwa kabla ya mavuno.

"Rudi ukiwa na nafasi," Mzee Palmer alisema, bila hasira, akazipanga kete zake upya. "Nitakuwepo. Siendi Arizona."

Hivyo akapotea yule mmoja wa kupotea.

*

La pili lilikuwa Darlys Moen, naye alikuwa zizini akimzalisha ng'ombe. Alitoka baada ya saa nzima, akanawa, akasaini, akaomba radhi kwa niaba ya ndama. Ishirini na tisa.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi alasiri. Likabaki jina moja, la mwisho kabisa. Bi Ardis alilisoma, akafuta miwani, akalisoma tena.

Wendell Kragness. Meya mwenyewe. Hakuwa amesaini popote, hata fomu yake.

Nyinyi mngefanyaje? Bi Ardis alivuka barabara akagonga.

Wendell alifungua akiwa na soksi za sufu na aproni. Jikoni kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

"Ardis. Nasikia unaumwa."

"Siumwi. Mbona hukusaini fomu yako?"

Wendell akaona haya. "Mtu ajidhamini mwenyewe?"

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

"Watu wangesemaje?"

"Hayo pia nilisema." Akavuta pumzi. "Wendell, nina ishirini na tisa. Umebaki wewe."

Meya alijifuta mikono kwa aproni. "Unataka mimi nikudhamini wewe ili uniondoe mimi?"

"Ndiyo. Ukitaka kunikatalia, nikatalie. Sitakuja kuyasema kanisani."

"Na nikikukatalia?"

"Basi unapita bila kupingwa, na gari linakwenda."

Wendell alikwangua kitu kilichoungua kwenye sufuria, akakwangua tena. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wa Nordby mzima. Walikuwa watu waliojua kukataa kahawa, lakini kumkatalia jirani usoni hawakufundishwa.

"Lete kalamu," akasema. "Sitaki kushinda kwa sababu ya kiti. Nilijua kilikuwa chako."

Akasaini. Sahihi ya thelathini ikakauka taratibu juu ya karatasi, na Bi Ardis akaipuliza kama uji wa mtoto.

Simu ikalia.

"Ndiyo, Verlene," alisema Wendell. "Ndiyo, yuko hapa. Nani? Ndugu wawili wa Larsgaard? Wamekuja ofisini?" Akasikiliza. "Aha. Ng'ambo ya mtaro. Nimeelewa. Asante, Verlene. Hapana, hukukosea."

Akaweka simu, akaketi juu ya gazeti la jana bila kulitoa.

"Kuna nini?"

"Wale ndugu wawili wa Larsgaard. Wamekwenda kutubu. Nyumba yao iko ng'ambo ya mtaro, nje ya mpaka wa mji. Majina yao yamo daftarini kwa makosa, hawapigi kura hapa. Walijua. Lakini niliwaomba, wakaona vibaya kukataa."

"Una wangapi, Wendell?"

"Nilikuwa na thelathini na mmoja. Nina ishirini na tisa." Akaitazama kalamu iliyokuwa bado mkononi mwake. "Sahihi moja ingetosha. Nilikuwa nayo dakika mbili zilizopita."

Bi Ardis akaisukuma karatasi kwake. "Ifute."

"Ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Sheria ni hiyo, Ardis, nami ndiye meya."

Bi Ardis aliikunja karatasi, akaiingiza mkobani. Thelathini. Alikuwa na muda wa kutembea polepole hadi ofisini, na hakuna atakayegombea naye. Angepita bila kupingwa. Gari la wagonjwa lingebaki palepale lilipo.

Na katika mji mzima palikuwa na mtu mmoja tu ambaye hajasaini popote, naye Wendell hakuwa akimfikiria.

Angenyamaza tu. Kunyamaza si uongo.

Akainuka aondoke. Hapo ndipo alipoliona, juu ya rafu, karibu na dirisha. Bakuli la bluu, limeng'arishwa, na kipande cha plasta chini yake chenye jina: A. Tollefson.

"Hilo ni langu," akasema.

Wendell akainamisha kichwa. "Ni lile la supu. Mke wangu Lavonne alipokuwa mgonjwa. Ulileta kila Jumanne mpaka mwisho."

"Hiyo ni miaka mitatu, Wendell."

"Bakuli halirudishwi tupu. Nami sijui kupika. Kila mwezi najaribu." Akaonyesha sufuria iliyoungua. "Leo ilikuwa viazi."

Bi Ardis alisimama pale mlangoni, mkoba kifuani. Alimlaani Wendell kidogo moyoni, kisha akajilaani mwenyewe, kisha akasema lile ambalo mgombea yeyote mwenye akili asingesema.

"Mzee Palmer hajasaini."

Wendell akainua kichwa.

"Vaa viatu," alisema Bi Ardis. "Kabla sijabadili mawazo."

*

Saa kumi na dakika thelathini na mbili. Pikapu ya Wendell ilishuka barabara kuu ikiteleza.

"Tupite ofisini kwanza," alisema Wendell. "Ukabidhi zako."

"Verlene akishapokea, lazima ahesabu kila jina mbele yangu. Robo saa. Hutamwahi Palmer ukarudi."

"Niache mimi niende peke yangu."

"Hatakufungulia. Nilimwudhi mchana, na wewe hujafika kwake tangu lini?"

Wendell akafikiri. "Kabla ya mavuno ya mwaka juzi."

"Basi nyamaza uendeshe."

Wakavuka reli. Magharibi, mbali kabisa, kulikuwa na taa moja ndogo juu ya theluji. Bi Ardis aliiona. Akaukaza mkoba kifuani.

Mzee Palmer alifungua mlango kabla hawajagonga. Drafti ilikuwa palepale.

"Wawili," alisema. "Mmoja acheze, mmoja atazame."

"Mzee wangu," alisema Bi Ardis, akivua kofia, "mchana nilikosa adabu. Nilikuja na karatasi kabla ya salamu. Nisamehe."

"Eh?"

"Nisamehe."

"Hilo nimelisikia. Nilitaka ulirudie." Akaitazama fomu mkononi mwa Wendell. "Na hiyo ni ya nani?"

"Ya Meya. Amepungukiwa mmoja."

"Si mnashindana?"

"Tunashindana."

"Na ya kwako?"

Bi Ardis akapiga mkoba wake. "Imejaa. Iko hapa."

"Bado hujaipeleka? Na saa ni hii?"

"Bado."

Mzee Palmer alimtazama Wendell, akamtazama Bi Ardis, na sura yake yote ikalegea.

"Mchana ulikuja kwa haja yako, nikakunyima," alisema. "Sasa umekuja kwa haja ya mwenzako. Nipe kalamu, Wendell. Na usidhani nitakupigia kura. Gari lile nalipenda."

Aliandika kama watu wa zamani wanavyoandika, herufi moja baada ya nyingine, akipumzika baada ya kila moja. P. Akalamba midomo. A. Akavuta kiti karibu. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika arobaini na tatu. Kwenye O ya Ostby alirudi nyuma kuikaza L aliyoiona imekonda. Wendell alikuwa akitoka jasho ndani ya koti. Bi Ardis alimshika mkono asiseme neno.

Y ilipopata mkia wake, Mzee Palmer akaweka kalamu chini.

Na vikombe kabatini vikaanza kugongana.

Kwanza polepole. Kisha kete za drafti zikatembea zenyewe juu ya ubao. Mzee Palmer hasikii honi, lakini aliweka kiganja mezani, akatikisa kichwa kama anayemtambua rafiki.

"Hiyo ni ya nafaka," alisema. "Mabehewa mia na kumi."

Wendell alikuwa tayari dirishani. Ukuta mrefu wa mabehewa ulikuwa ukipita kati ya nyumba ile na mji, polepole, polepole zaidi, ukalia chuma kwa chuma, ukasimama. Behewa moja lilikuwa limeziba barabara sawasawa. Ng'ambo yake, kwa mbali, taa ya ofisi ya Verlene ilikuwa inawaka.

Saa kumi na dakika arobaini na nane. Fomu mbili kamili, wagombea wawili, na wote wako upande usio wao.

"Dakika arobaini za kupakia," alisema Wendell taratibu. "Ardis, umepoteza kila kitu kwa ajili yangu."

"Bado dakika kumi na mbili," alisema Bi Ardis. Alikuwa akiyatazama magurudumu ya treni, na nafasi iliyokuwa chini yake, kisha akayatazama magoti yake mwenyewe yenye miaka sabini na mmoja, kisha goti bovu la Meya.

Nyuma yao Mzee Palmer alikuwa ameshainua birika.

"Kahawa?"

"Hapana, usijisumbue," alisema Wendell kwa mazoea.

"Ndiyo, lakini baadaye," alisema Bi Ardis, tayari anafunga skafu aliyofungwa asubuhi kichwani, mkoba ameufunga kwa mkanda kiunoni. "Wendell, nipe na fomu yako. Nitapita chini ya behewa. Na unishikie mlango."

Mzee Palmer hakusikia hata neno, lakini alielewa yote. Aliwafuata mpaka kizingitini, birika mkononi, upepo ukimpeperusha nywele zake chache.

"Hii ya leo isihesabiwe," aliwaambia kwa sauti, kama asemavyo mtu asiyejisikia mwenyewe. "Leo mlikuwa na shida. Mje tena. Mje siku ambayo hamtaki kitu."